Itajeni karatasi mnayoitafuta: barua ya wazi kutoka duka la fotokopi, Kisumu

Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi,
Kwa Mkurugenzi wa Upelelezi wa Jinai,
Kwa Jaji Mkuu, na kupitia kwako mahakimu wote wanaotia sahihi hati za upekuzi.

KUH: MISAKO YA KUWATAFUTA WANAOVUJISHA STAKABADHI ZA SERIKALI

Waheshimiwa,

Mimi ni mwenye duka la fotokopi hapa Kisumu mjini. Nina mashine mbili, kompyuta tatu, printa ya rangi na kiti kimoja cha plastiki cha mteja anayesubiri. Nakala ya ukurasa mmoja ni shilingi 5, kupigiwa chapa ni 50, na anayetaka kujaziwa fomu za KRA au kufunguliwa akaunti ya eCitizen tunaelewana papo hapo. Natanguliza hayo msije mkadhani anayewaandikia ni wakili au mwanaharakati. Sheria nitakazozitaja nimezisoma mwenyewe, jioni, wateja wakishaisha, baada ya kugundua kwamba walionijia kwa jina la sheria hizo hawakuwa wamezisoma, au walizisoma wakazisahau.

Ilikuwa Jumatano, saa moja unusu jioni. Nilikuwa nimeteremsha mlango wa chuma nusu, kijana wangu wa kazi anafagia. Wakainama wakaingia wanaume watatu wasio na sare. Mmoja alinionyesha kitambulisho cha kazi kwa muda wa kupepesa jicho. Mwingine akatandaza mezani karatasi nne, nakala ya barua ya ndani ya idara moja ya serikali, iliyokuwa imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp mji mzima tangu wikendi. Barua hiyo ilikuwa inauliza kwa nini kazi iliyokwisha lipwa haionekani mahali pake. Mimi nilikuwa nimeiona kwenye simu kama kila mtu. Kwenye karatasi, ndiyo mara ya kwanza.

"Mama, hii imetoka kwa mashine yako," akasema, akaweka kidole pambizoni, upande wa kulia.

Palikuwa na mstari mwembamba mweusi, umeshuka toka juu hadi chini kama unywele ulioanguka kwenye karatasi. Waheshimiwa, huo ni mkwaruzo wa dramu. Dramu ya mashine ikikwaruzwa, kila nakala hutoka na mstari mahali palepale, na dramu mpya ni pesa ambazo wengi wetu hatuna. Mashine zetu ni za mitumba, zimeshachoshwa na ofisi za watu huko zilikotoka. Nikamwambia, "Afande, shuka na mtaa huu duka kwa duka, omba nakala moja moja. Ukikosa mstari kama huo kwenye maduka manne, rudi unifunge pingu."

Hakucheka.

Nikauliza kama wana kibali cha mahakama. Mkubwa wao, mzee kidogo, mwenye adabu kusema kweli, akanijibu polepole kama anayemweleza mtoto: "Haya ni mambo ya siri ya serikali, mama. Kibali si lazima." Wakabeba kompyuta mbili, flashi zote zilizokuwa kwenye kopo, simu yangu na ya yule kijana, na daftari ninaloandikia madeni. Sikupewa hata kipande cha kuonyesha kilichochukuliwa. Watu watatu waliokuja kutafuta karatasi wakaondoka bila kuniachia karatasi.

Mtauliza mbona sikusimama imara, mbona sikuwafuata kituoni usiku uleule. Mnajua mbona. Juni 7, 2025 mwalimu Albert Ojwang alitolewa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu mkubwa wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti iliyotoka seli ya kituo cha Central. Homa Bay si mbali na hapa. Tangu hapo mtu akiambiwa "twende utueleze kidogo", hawazi kuhusu wakili. Anawaza kuhusu watoto.

Lakini kilichoniumiza hasa si kompyuta. Kwenye moja ya zile mbili kulikuwa na kijitabu cha mazishi ya mzee mmoja wa Seme. Familia ilikuwa imeniletea picha kwa flashi: mzee akiwa kijana kando ya baiskeli, mzee siku ya harusi na suruali pana, mzee akiwa na wajukuu mapajani. Binti yake alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki saa tatu nzima akinisomea wasifu nami nikipiga chapa, akisimama kila mara kufuta macho. Nakala 200, za kuchapwa Alhamisi, mazishi Jumamosi. Anayeyajua mazishi ya huku anajua kwamba kijitabu hicho si pambo. Watu hukibeba nyumbani, hukiweka kabatini pamoja na vyeti, na miaka kumi baadaye ndicho kinachotolewa mtoto akiuliza babu alikuwa nani. Jumamosi ile mzee alizikwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, ikipitishwa kiti kwa kiti chini ya hema. Binti hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Baada ya wiki sita kompyuta zilirudi, moja haiwaki. Hakuna aliyeshtakiwa. Barua ya kurasa nne ingali kwenye simu za watu. Na swali lililokuwa ndani yake, la kazi iliyolipwa isionekane, halikupekuliwa na mtu.

Sitaji kituo wala idara. Ninaishi hapa, na yule mzee wao bado hupita kwangu kutoa nakala. Hulipa.

Sasa turudi kwenye ile sentensi, kwamba kibali si lazima. Nimeitafuta kwenye Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, nikapata jamaa yake wa karibu kwenye kifungu cha 60. Ni kweli, kifungu hicho kinamruhusu afisa kuingia na kupekua bila hati ya mahakama, ikiwa ana sababu za kuamini kwamba kuingoja hati kutauharibu uchunguzi vibaya. Ila hakiishii hapo. Kabla ya kuingia aandike sababu zake, na aeleze kitu anachokwenda kutafuta. Akiulizwa na mwenye mahali, atoe cheti chake cha uteuzi. Akichukua kitu, akiorodheshe papo hapo na kukifikisha kwa hakimu wa eneo hilo bila kuchelewa. Kwa hiyo bila hati si bila maandishi. Na kuhusu kuharibika kwa uchunguzi: barua ilikuwa imezunguka siku nne, na mahakama ni mwendo wa miguu kutoka kwangu. Nini kingeoza kabla ya asubuhi?

Hata wangekuja na hati mkononi, saa moja unusu ni usiku. Kisumu jua huwa limeshazama. Kanuni ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 118, inataka anayeomba hati athibitishe haja yake kwa kiapo. Na cha 119 kinasema hati itekelezwe kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, isipokuwa mahakama yenyewe imeruhusu saa nyingine. Tena hapa palikuwa na kompyuta. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, ambayo nyinyi wenyewe mnaipenda sana ikija kwa vijana wa mitandaoni, inataka hati ya mahakama kwa data iliyohifadhiwa, kifungu cha 48. Kifungu kinachofuata kinataka orodha ya vilivyochukuliwa, yenye tarehe na saa, na mwenye mali apewe nakala yake. Nakala! Nilikuwa na mashine mbili pale. Ningewatolea bure.

Juu ya hizo zote kuna Kifungu cha 31 cha Katiba, kinachomlinda kila mtu asipekuliwe mwilini, nyumbani wala kwenye mali yake ovyo, na siri ya mawasiliano yake isiingiliwe. Hicho sikihitaji kuwasomea.

Ninachotaka hasa kusema ni jambo moja, na linawahusu mahakimu kuliko polisi. Tangu jioni ile nimekuwa msomaji wa hati za upekuzi. Watu hunijia nazo niwatolee nakala za kumpelekea wakili, na macho ya mwenye fotokopi hayana pazia. Nimekutana na maneno kama haya: "stakabadhi, kompyuta, simu na vifaa vingine vyovyote vinavyohusiana na uchunguzi." Ukisoma mara ya pili ndipo unapoona kwamba hakuna kilichotajwa. Stakabadhi gani? Ya tarehe gani, ya ofisi gani, yenye kichwa gani? Neno lililofanya kazi yote ni "vyovyote".

Waheshimiwa, ziwa liko hapo chini. Kokoro imepigwa marufuku, ule wavu wa kukokotwa hadi ufuoni ambao wenyewe huku huuita rimba. Sababu ya marufuku kila mtoto wa Dunga anaijua: kokoro haichagui. Inakuja na mbuta, ngege, vifaranga, mayai na matope. Anayetaka mbuta sheria inamtaka awe na wavu wenye jicho lisilopungua inchi 5, ili wadogo wapite. Mvuvi akikutwa na jicho dogo, wavu unachomwa naye anafikishwa kortini. Kachero akienda kortini na "vyovyote", anapigiwa muhuri.

Na simu ya mtu siku hizi ni ziwa lenye mengi kuliko samaki. Kwenye yangu kulikuwa na hesabu za chama chetu cha akina mama, ujumbe wa dada yangu kuhusu ugonjwa ambao mumewe hajaambiwa, picha za vitambulisho vya wateja, na mabishano marefu na fundi wa choo. Hakuna hata kimoja kilichokuwa siri ya serikali. Sasa kuna watu nisiowajua ambao wanaujua ugonjwa wa dada yangu.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Juni 4, 2019 polisi wa Australia waliingia nyumbani kwa mwandishi Annika Smethurst jijini Canberra. Alikuwa ameandika habari, kutokana na stakabadhi za siri, kuhusu mpango wa kuipa idara ya ujasusi uwezo wa kuwachunguza raia. Walipekua nyumba na kunakili vitu kutoka kwa simu yake. Kesho yake wakaenda kwenye ofisi za shirika la utangazaji la ABC huko Sydney. Smethurst alikwenda mahakamani, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo kwao ndiyo ya juu kabisa, ikasema hati ile ilikuwa batili, kwa kuwa haikueleza ipasavyo kosa lililokuwa likichunguzwa. Hati ilikuwepo, sahihi ilikuwepo, hakimu alikuwepo. Kilichokosekana ni maneno. Lakini nisiwafiche upande wa pili: mahakama hiyohiyo, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ilikataa kuwalazimisha polisi kufuta walichokwisha nakili. Kwa hiyo anayesema "mkiona mmeonewa, nendeni kortini baadaye" asidhani kwamba baadaye hurudisha kila kitu.

Uingereza kuna kisa ambacho kila nikikikumbuka hucheka peke yangu dukani. Novemba 2008 polisi wa London walimkamata mbunge wa upinzani, Damian Green, kwa sababu afisa mdogo wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Christopher Galley, alikuwa akimpelekea stakabadhi za wizara hiyo. Wakapekua nyumba zake, na wakapekua hata ofisi yake ndani ya Bunge bila hati ya mahakama, kwa idhini ya afisa wa Bunge tu. Kelele zikapanda, Spika akatangaza kwamba tangu hapo polisi hawaingii kupekua mle bila hati. Aprili 2009 Mkurugenzi wa Mashtaka, Keir Starmer, yuleyule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, akasema hakuna atakayeshtakiwa. Habari zilizovuja hazikuwa siri za usalama wa taifa. Sasa kichekesho. Afisa wa ngazi ya juu wa polisi aliyesimamia uchunguzi ule, Bob Quick, alijiuzulu wiki moja kabla ya uamuzi huo kutolewa. Alishuka garini penye ofisi ya Waziri Mkuu akiwa amebeba kwapani karatasi ya siri ya operesheni dhidi ya ugaidi, maandishi yakiwa nje, kamera zikaipiga picha ikasomeka. Hakukuwa na karani mwovu wala mwandishi wala duka la fotokopi. Ilikuwa karatasi bila bahasha.

Kwetu historia ya mambo haya ina uchungu. David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliona malipo yakimiminika kwa kampuni ya Goldenberg International, eti fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo hazikuwepo. Akatoa nakala. Hebu lisikieni neno hilo kama ninavyolisikia mimi: akatoa nakala. Karatasi zikawafikia wabunge wa upinzani, Paul Muite na Prof. Anyang' Nyong'o, aliyekuwa mbunge wa Kisumu Rural na baadaye akawa gavana wetu hapa, na mambo yakafika Bungeni mwaka 1993. Munyakei akakamatwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri Rasmi. Mashtaka yakaja kuondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Alifariki 2006 akiwa maskini, wakati ambapo tume ya Jaji Bosire ilikuwa imeshasikiliza kwa kirefu jinsi pesa zilivyokwenda.

Sheria iliyomshtaki ni ya 1968 na ingalipo, imetiwa viraka hapa na pale. Imefuata nyayo za sheria ya Waingereza ya 1911, na Waingereza wenyewe mwaka 1989 walikiondoa kifungu cha 2 cha sheria hiyo, kilichofanya karibu kila karatasi ya ofisini kuwa siri. Sisi tumebaki na koti ambalo aliyelishona ameshalitupa.

Mwaka uleule aliokufa Munyakei, Machi 2, 2006, watu waliofunika nyuso waliingia usiku kwenye ofisi na kiwanda cha uchapishaji cha The Standard, wakachoma magazeti, wakazima kituo chao cha televisheni cha KTN. Waziri wa usalama wa ndani, John Michuki, akasema ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Nilikuwa msichana. Nilidhani anazungumzia nyoka.

Mwajua pia ya 2024. Nelson Amenya, Mkenya aliyekuwa Ufaransa, alianika Julai stakabadhi za mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani uwanja wa ndege wa JKIA kwa miaka 30. Novemba 21 mwaka huo Rais akasimama Bungeni akaufuta. Mashtaka ya Marekani dhidi ya mwenye kampuni yalisukuma, sikatai. Lakini raia tungekuwa na la kusema katikati ya Julai na Novemba kama karatasi hazikuonekana?

Najua jibu lenu, na si jibu baya. Ziko siri za kweli. Majina ya mashahidi, faili za wagonjwa wa virusi vya Ukimwi, mipango ya askari walioko mpakani: anayeyamwaga hayo anaua watu, naye atafutwe. Mtihani wa taifa pia ni siri halali. Lakini angalieni mtihani ulivyotibiwa. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2015 ilivuja vibaya, bodi ya baraza la mitihani, KNEC, ikavunjwa Machi 2016. Watu walikamatwa, ndiyo, ila kilichobadilisha mambo ni makontena yenye kufuli mbili, kila ufunguo kwa mtu tofauti, na kila anayechukua bahasha kutia sahihi. Serikali ilianza pale karatasi ilipolala, wala si kwenye simu za wanafunzi. Kikulacho ki nguoni mwako, na barua ile ya kurasa nne ilikuwa nguoni mwa idara kabla haijafika kwenye meza yoyote ya Kisumu. Ni watu wangapi waliishika? Nani alitia sahihi kuipokea? Faili ilitoka saa ngapi masjala? Hayo yangeulizwa kwanza, kijitabu cha mzee wa Seme kingechapwa.

Na kabla ya hayo, kuna swali la awali kabisa: karatasi hiyo ilistahili kuwa siri? Muhuri wa SIRI hutengenezwa na fundi wa mihuri kando ya barabara, unangoja huku unakula njugu. Hauwi sheria kwa kuwa mwekundu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kunijibu nikiomba, au saa 48 ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinamlinda aliyetoa habari kwa manufaa ya umma asiadhibiwe kazini. Barua inayouliza pesa za umma zimekwenda wapi ni karatasi ambayo mimi, mlipa kodi, ningeweza kuiomba kwa fomu. Mtu akinipa kabla sijaiomba, mnamsaka kama mwizi wa mifugo? Muswada wa kuwalinda watu wa namna hiyo umezungushwa Bungeni kwa miaka, na kwa kuwa Bunge si wa kuandikiwa katika barua hii nitawaachia hapo.

Jaji Mkuu, kwako naomba maelekezo kwa mahakimu. Hati ya upekuzi katika mambo ya stakabadhi kuvuja iitaje stakabadhi yenyewe: kichwa chake, tarehe yake, ofisi iliyoiandika, na kifungu cha sheria kinachodaiwa kuvunjwa. "Vyovyote" ifutwe kwa kalamu, mbele ya anayeomba. Aulizwe kwa kiapo kama ofisi iliyopoteza karatasi imeshachunguzwa, na imepatikana nini. Kama ni kompyuta, linakiliwe faili linalotafutwa na mashine ibaki mezani kwa mwenyewe, maana ndani yake kuna maisha ya watu mia ambao hawakushukiwa. Simu ikilazimika kuchukuliwa, ifungwe kwenye bahasha yenye lakiri mbele ya mwenye simu, isifunguliwe mpaka hakimu aseme ni nini kitakachotazamwa. Polisi wakivuka mipaka hiyo, Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinawapa mahakimu uwezo wa kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu, ikiwa kuupokea kutaiharibu kesi au haki yenyewe. Wautumie mara mbili tu, hapa magharibi, tuone kama hati hazitabadilika wiki ya tatu.

Inspekta Jenerali, kwako ni dogo. Kifungu cha 60 ni cha dharura; kisiwe njia ya kukwepa foleni ya mahakama. Afisa anayekitumia aje na yale maandishi anayotakiwa kuyaandika, na mwenye mahali ayasome kabla halijaguswa kopo la flashi. Katiba, 245(4), inasema hata waziri hawezi kukuelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani. Basi idara iliyoaibika kwa barua yake isiweze.

Kwa upande wangu nimeshafanya nililoweza. Nimepiga chapa fomu ya ukurasa mmoja: tarehe, saa, jina la afisa, nambari ya kazi, kituo, kinachotafutwa, kilichochukuliwa, sahihi ya afisa, sahihi ya mwenye mali. Nimechapa nakala 50, ziko chini ya meza karibu na sanduku la pesa. Majirani zangu wa mtaa huu wamechukua kumi kumi. Maafisa watakaokuja hawatalipishwa.

Dramu bado sijabadilisha. Nakala za barua hii zitakazowafikia kwa posta zina ule mstari, pambizoni upande wa kulia.

Wenu,
Mama Fotokopi (ndivyo wateja wanavyoniita),
Kisumu.